Albamu moja, rafu mbili: kisa cha Laufey na swali la jazi

Tarehe 4 Februari 2024, mjini Los Angeles, Laufey, mwanamuziki wa miaka 24 kutoka Iceland, alishinda Grammy, tuzo kubwa ya muziki ya Marekani, kwa albamu yake ya pili, Bewitched. Tuzo hiyo haikuwa ya jazi. Ilikuwa ya albamu bora ya uimbaji wa popu ya kijadi, kundi lililoanzishwa mwanzoni mwa miaka ya 1990 ambalo mwimbaji mkongwe Tony Bennett alilishinda mara nyingi hadi likawa kama sebule ya nyumba yake. Miongoni mwa walioshindania mwaka huo alikuwemo Bruce Springsteen, mtu wa roki. Tuzo ya uimbaji wa jazi ilitolewa siku hiyohiyo na ikaenda kwa Nicole Zuraitis. Jina la Laufey halikuwamo hata kwenye orodha ya wateule wa upande huo.

Rudi nyuma miezi mitano. Bewitched ilipotoka Septemba 2023, Billboard, jarida la Marekani linalopanga chati za muziki, iliihesabu kuwa jazi, na kwenye chati ya albamu za jazi ikaingia na kukalia namba moja. Nyimbo ni zilezile, sauti ni ileile, ila taasisi mbili zenye sauti kubwa katika biashara ya muziki zimeiweka kazi moja kwenye rafu mbili tofauti, tena ndani ya msimu mmoja. Hapo ndipo maneno yalipoanza. Baadhi ya wapiga jazi walinung'unika kwamba msichana mwenye gauni zuri na fidla nyuma yake anaitwa mwokozi wa muziki ambao haukuwa umekufa. Mashabiki wake, wengi wao vijana ambao hawajawahi kukanyaga kilabu cha jazi, wakajibu kwamba huo ni wivu wa wazee.

Ugomvi huo ukiufungua unakuta swali ambalo pande zote mbili zimeliruka: Laufey amechukua nini hasa kutoka muziki wa zamani? Jibu langu ni kwamba amechukua wimbo, akaiacha bendi. Mengi yanayobishaniwa yanatokana na watu kudhani kwamba vitu hivyo viwili ni kimoja.

Kwanza jina, maana wengi hulitamka vibaya. Kwa ulimi wetu ni karibu na "Lei-vei". Katika hadithi za kale za watu wa Kaskazini, Laufey ni mama yake Loki, yule mjanja wa miungu. Jina la mwanamuziki wetu ni Laufey Lín Jónsdóttir, na hapo Mswahili hahitaji mkalimani: dóttir ni binti, kwa hiyo ni binti Jón, kwa desturi ileile iliyotupa Siti binti Saad. Huko Iceland watu wengi hawana jina la ukoo. Unaitwa kwa baba yako, yakaisha.

Alizaliwa Reykjavík mwaka 1999, pamoja na pacha wake Júnía. Baba ni Mwaislandi, mama ni Mchina mpiga fidla katika Iceland Symphony Orchestra, na babu mzaa mama, Lin Yaoji, alikuwa mwalimu mashuhuri wa fidla Beijing. Mtoto wa nyumba ya namna hiyo haulizwi kama atacheza ala; anaulizwa ipi. Laufey alianza piano akiwa na miaka 4 na selo, ala kubwa ya jamii ya fidla, akiwa na miaka 8, na alipofika miaka 15 alikuwa ameshapiga selo kama mpiga solo mbele ya orkestra hiyohiyo ya mama yake. Jazi ilimjia kwa njia ya santuri za waimbaji wa zamani wa Marekani: Ella Fitzgerald, Billie Holiday, Chet Baker. Maana yake ni kwamba alikutana na jazi kama kitu kilichokwisha kurekodiwa, kikakamilika, kikawekwa ndani ya bahasha ya karatasi. Hakukutana nayo kama chumba chenye moshi ambamo mtu anakuambia, haya, zamu yako. Tofauti hiyo ni ya msingi katika kisa hiki, na nitairudia.

Baada ya kupita kwenye mashindano ya vipaji ya televisheni nyumbani kwao akiwa bado mdogo, alikwenda Berklee, chuo cha muziki kilichoko Boston. Mwaka 2020 janga la korona lilipofunga madarasa, alijikuta kama kila mwanafunzi wa wakati ule: chumbani, na ala yake, na simu. Akaanza kujirekodi akiimba nyimbo za zamani na kuzituma mtandaoni, na mwaka huohuo akatoa wimbo wake wa kwanza. Mwaka 2021 alitoa mkusanyo mfupi, akamaliza chuo, na BBC Radio 3 ikampa mfululizo wa vipindi. Albamu kamili ya kwanza ilikuja 2022, ya pili 2023. Haikutimia miaka minne kutoka chumbani hadi Grammy.

Sasa tuingie kwenye muziki wenyewe, kwa sababu maneno "swingi" na "jazi" hutupwa hewani kana kwamba ni manukato.

Swingi ni namna ya kugawa pigo. Chukua pigo moja la mguu, ligawe vipande viwili. Katika muziki wa kawaida vipande hivyo ni sawa kwa sawa. Katika swingi cha kwanza kinarefushwa na cha pili kinabanwa. Kwa mwendo wa wastani uwiano wao unakaribia mbili kwa moja, na kadiri mwendo unavyokaza ndivyo vinavyokaribiana kulingana tena. Anayeshika hesabu hiyo ni mpiga drams, mkono wake wa kulia ukiwa juu ya toazi, pamoja na mpiga besi anayetembea, noti moja kwa kila pigo, bila kusimama. Mwimbaji au mpiga solo hukaa juu ya mwendo huo na kucheza nao, wakati mwingine akijivuta nyuma kidogo kama mtu anayetembea na wenzake huku akiangalia madirisha. Billie Holiday alikuwa bingwa wa kuchelewa huko. Ukimsikiliza unadhani ameachwa, kisha mstari unapofika mwisho unamkuta amekaa mlangoni anakusubiri.

Chukua basi wimbo uliomfanya Laufey ajulikane kila pembe, From the Start, wa Mei 2023. Ni kisa cha mtu anayempenda rafiki yake huku rafiki akimsimulia habari za mwingine. Wengi waliuita jazi, wengine wakauita swingi. Sikiliza gitaa lake. Vipande vya pigo ni sawa kwa sawa, hakuna kilichorefushwa. Kidole gumba kinashika besi kwa utulivu na vidole vingine vinadokoa juu, kabla na baada ya pigo. Hiyo ni bosanova, mtindo uliozaliwa Rio de Janeiro mwishoni mwa miaka ya 1950, pale mpiga gitaa João Gilberto alipoichukua samba na ngoma zake zote akaibana ndani ya gitaa moja. Wamarekani waliipenda mno: albamu aliyoifanya Gilberto pamoja na mpiga saksafoni Stan Getz ilitoka 1964, na mwaka uliofuata ikashinda Grammy ya albamu bora ya mwaka. Ndani yake aliimba pia Astrud Gilberto, kwa sauti nyembamba isiyo na haraka wala jitihada inayoonekana. Laufey ni mpwa wa sauti ile kabla hajawa mjukuu wa bendi yoyote ya New York.

Kwa hiyo wimbo wake unaosemwa kuwa ndio jazi yake hausubiri toazi la swingi kabisa. Anaimba hata skati fupi katikati, zile silabi zisizo na maana ambazo Ella Fitzgerald alizifanya kuwa ala, lakini skati hiyo imekaa kama pambo la shingoni. Ina mahali pake, urefu wake unajulikana, na wimbo ukitolewa skati bado unasimama.

Kinachotoka kwenye jazi kwa kweli katika wimbo ule, na katika nyimbo zake nyingi, ni kodi. (Simaanishi ya mapato; namaanisha noti kadhaa zinazopigwa kwa pamoja, kama wapiga gitaa wanavyosema.) Wimbo mwingi wa popu wa leo unazunguka kodi nne, kila moja ikiwa na noti tatu za msingi. Laufey huongeza noti ya saba, ya tisa, wakati mwingine zaidi, na kodi zikishafunikwa hivyo haziko wazi tena: si furaha tupu wala huzuni tupu. Tena hazizunguki, zinasafiri. Ule mwendo wa kale wa kutoka kodi ya pili kwenda ya tano na kurudi nyumbani, ambao mwanafunzi wa jazi huukariri hadi usingizini, ndio uti wa mgongo wa utunzi wake. Mara nyingine anafika mlangoni pa nyumbani halafu anageuka kuingia nyumba ya jirani, na hapo ndipo moyo wa msikilizaji unaposhtuka bila kujua kwa nini.

Juu ya kodi hizo ameweka maneno ya msichana wa leo: wivu mdogo, aibu, mapenzi ya upande mmoja, kujiona mbaya mbele ya kioo. Kwenye wimbo wa barua anayomwandikia yule msichana wa miaka 13 aliyekuwa yeye hakuna neno lililotolewa kabatini mwa bibi. Hapa ndipo ninapoona kipaji chake hasa. Waigaji wa mambo ya kale huazima na msamiati pia, wakaishia kuimba juu ya mwezi na treni ambazo hawajazipanda. Yeye aliazima nyumba, akahamia na vyombo vyake mwenyewe.

Nyumba yenyewe ilijengwa na nani? Wamarekani huziita nyimbo zile za watunzi George Gershwin, Cole Porter, Richard Rodgers na wenzao "kitabu cha nyimbo", ingawa hakuna kitabu kimoja unachoweza kukishika mkononi. Sehemu kubwa ya nyimbo hizo ziliandikwa kwa ajili ya michezo ya kuigiza ya Broadway, mtaa wa kumbi za maonyesho New York, na filamu. Zilikuwa popu ya siku zao. Umbo lake lililozoeleka lina sehemu nne zenye hatua nane kila moja, hatua ikiwa ni fungu dogo la mapigo: wazo, wazo tena, daraja linalokwenda kwingine, kisha wazo linarudi. Jumla 32. Wapiga jazi walizichukua kwa sababu kila mtu alizijua na kodi zake zilikuwa tamu kutembelea; wakazifanya uwanja wa mazoezi, wakabuni juu yake papo hapo, kila usiku kivingine. Wimbo ulikuwa popu. Kilichofanywa nao ndicho kilichokuwa jazi. Huo ndio mpaka ambao Laufey amesimama upande wake wa kwanza, na ndiyo maana naona Grammy walipata na Billboard walikosea.

Kuna watu wanaosema muziki wake unawarudisha miaka ya 1930, enzi za bendi kubwa. Wamekosea kwa miaka kama ishirini hivi, na kosa hilo linafaa kuchunguzwa. Wanahistoria hupenda kutaja usiku wa 21 Agosti 1935, Benny Goodman na bendi yake walipopiga Palomar Ballroom, Los Angeles, na vijana wakalipuka kwa dansi, kuwa ndio mwanzo wa enzi ya swingi kama wazimu wa taifa. Katika bendi zile mwimbaji alikuwa mgeni. Alikaa kwenye kiti pembeni, akasimama wimbo ukifika katikati, akaimba mzunguko mmoja, akarudi kukaa. Wenye hafla walikuwa saksafoni na matarumbeta wakiitikiana kama watu wawili wanaotaniana uani, na wachezaji sakafuni.

Kilichombadilisha mwimbaji kuwa mfalme kilianza na kifaa. Mwaka 1925 studio za Marekani zilianza kurekodi kwa maikrofoni ya umeme. Kabla ya hapo uliimba kwa kifua mbele ya pembe kubwa la bati, mnong'ono haukuandikika. Maikrofoni iliusikia mnong'ono, na zaidi ya hapo ina tabia moja ambayo waimbaji waliijua kwa sikio kabla ya kuelezwa na mafundi: ukiisogelea sana, sauti za chini hunenepa. Mwimbaji Bing Crosby alijenga maisha juu ya unene huo. Sikiliza Laufey akishuka chini mwisho wa mstari, midomo ikiwa karibu kabisa na maikrofoni, noti ikikaa imenyooka kwanza ndipo itetemeke kidogo inapozimika. Mtetemo huo wa kuchelewa ndio saini ya waimbaji wa jazi. Opera hutetemesha tangu noti inapoanza. Nadhani selo imemsaidia hapo: ala ile inakaa kwenye eneo la sauti ya mwanadamu anayezungumza kwa utulivu, na upinde wake hufundisha kwamba noti ina mwili mzima, si mwanzo tu.

Kisha ukaja mgomo. Tarehe 1 Agosti 1942 chama cha wanamuziki cha Marekani, chini ya James Petrillo, kilipiga marufuku wanachama wake kurekodi hadi kampuni za santuri zikubali kuwalipa fungu. Decca ilikubali mwaka uliofuata. Columbia na RCA Victor zilishikilia hadi Novemba 1944. Waimbaji hawakuhesabiwa kuwa wapiga ala, hivyo marufuku haikuwagusa. Bendi zikanyamaza studioni, mwimbaji Frank Sinatra, aliyekuwa ametoka tu kwenye bendi ya Tommy Dorsey, akarekodi akisindikizwa na kwaya pasipo ala hata moja. Mwaka 1944 serikali nayo ikaweka kodi (sasa ndiyo ile inayolipwa serikalini) ya asilimia 30 kwenye kumbi zenye dansi na waimbaji, ikaishusha hadi 20 baada ya miezi michache, bado ikiwa nzito. Bendi ya watu kumi na sita ikawa mzigo. Vita ilipoisha, mwimbaji alikuwa mbele jukwaani, bendi nyuma yake, na fidla zimeongezwa.

Huko ndiko Laufey anakotoka: miaka ya 1950. Sinatra na Nelson Riddle, aliyempangia sehemu za ala, Chet Baker akiimba kama anayeongea na mto wake wa kulalia mwaka 1954, Ella Fitzgerald na ule mfululizo wa albamu za watunzi wa Broadway ulioanza 1956. Ni muziki wa kukaa, wa sebuleni, santuri ndefu ikizunguka. Dansi ilikuwa imekwisha hamia kwingine. Kumwita mrithi wa swingi ni kumpa nyumba ya jirani wa babu yake.

Bewitched ina mtihani mmoja mzuri wa hoja hii, nao ni Misty, wimbo ambao Laufey hakuutunga. Erroll Garner, mpiga piano asiyejua kusoma noti, aliutunga 1954 bila maneno. Johnny Burke akauandikia maneno baadaye. Umeimbwa na kila mtu. Mwimbaji wa jazi Sarah Vaughan alipokuwa akiushika wimbo kama huu, melodi ilikuwa pendekezo tu: alipanda palipopaswa kushuka, akavuta silabi moja hadi ukasahau neno, akairudisha salama. Laufey anauimba kwa adabu. Anaifuata melodi, anachelewa hapa na pale kwa ustadi, anaufikisha. Ni mzuri, naupenda, na haunifanyi niogope kwamba kitu kinaweza kuharibika. Hofu ile ndogo, ya kwamba mwimbaji ametoka nje ya ramani na pengine hatarudi, ndiyo ninayoitafuta nikisema nasikiliza jazi.

Anayetaka kuisikia hofu hiyo kwa mtu wa rika lilelile asiende mbali. Samara Joy alizaliwa Bronx, New York, mwaka huohuo wa 1999, katika familia ya waimba injili. Mwaka 2019 alishinda shindano la uimbaji wa jazi lenye jina la Sarah Vaughan. Februari 2023, mwaka mmoja kabla ya Laufey, alishinda Grammy mbili: ya albamu ya uimbaji wa jazi na ile ya msanii mpya bora. Moja ya kazi zake ni kuchukua solo la tarumbeta lililorekodiwa zamani na Fats Navarro, noti kwa noti, na kulitungia maneno. Tazama tofauti ya malighafi. Laufey anaanzia kwenye wimbo. Samara anaanzia kwenye kile ambacho mpiga ala alikifanya juu ya wimbo, yaani kwenye ubunifu wa papo hapo wenyewe. Wote wawili ni wanafunzi wazuri wa miaka ya zamani, walikwenda maktaba moja na kutoka na vitabu tofauti.

Kutokana na hapo linakuja lalamiko zito zaidi, ambalo mashabiki wa Laufey hulipuuza upesi mno. Jazi ni sanaa ya Wamarekani Weusi. Walioitengeneza walipiga kwenye kumbi ambazo wao wenyewe hawakuruhusiwa kuketi kama wateja, na historia ya muziki ule imejaa visa vya sura nyeupe kuvuna kilichopandwa na wengine. Goodman huyohuyo aliitwa mfalme wa swingi huku akipiga nyimbo zilizopangiwa ala na Fletcher Henderson, mtu mweusi, aliyemuuzia mipango hiyo. Kwa hiyo chati ya jazi inapokaliwa kwa majuma na albamu ambayo waandaaji wa Grammy wenyewe hawakuiita jazi, mpiga saksafoni kijana anayeishi kwa kupiga vilabuni ana haki ya kuuliza nafasi yake iko wapi. Ila swali hilo ni la Billboard. Laufey mwenyewe husema anachanganya jazi, muziki wa klasiki na popu, na katika Bewitched hakuficha mkono: kuna wimbo wa nguvu kama Lovesick ambao ungepigwa redio yoyote ya popu, na Promise aliuandika pamoja na Dan Wilson, mtu aliyeshirikiana na Adele kwenye moja ya nyimbo zake kubwa.

Sisi tusijifanye wageni wa tatizo hili la majina. OK Jazz ya Franco ilianza Léopoldville (Kinshasa ya leo) mwaka 1956, na upande wetu tulikuwa na Morogoro Jazz, Western Jazz, Tabora Jazz. Hakuna aliyekwenda dansi ya Mbaraka Mwinshehe akitarajia Duke Ellington, gwiji wa jazi wa Marekani. Neno "jazz" mlangoni lilimaanisha bendi ya kisasa yenye magitaa na ala za kupuliza, vaa viatu vizuri. Lilikuwa neno la hadhi. Nahisi kwamba kwa vijana wanaomsikiliza Laufey neno hilo linafanya kazi ileile: linasema hapa kuna piano ya kweli, fidla za kweli, na mtu aliyekwenda shule ya muziki.

Nina manung'uniko yangu. Fidla za Bewitched ni tamu, na kwenye California and Me ni orkestra ya Philharmonia ya London wenyewe, lakini utamu ukikolea kila sahani mlo unachosha. Mwendo wa nyimbo unafanana mno. Ukiisikiliza albamu yote usiku mmoja, unaweza kusinzia kwenye wimbo wa tisa na kuamka wa kumi na moja bila kupoteza kitu. Na drams zimewekwa mbali sana, kama watoto walioambiwa wageni wamelala. Dreamer, unaofungua albamu kwa sauti zilizopangwa kwa karibu kama vikundi vya waimbaji wa zamani, unaahidi mchezo ambao baadaye hauji mara kwa mara.

Ushahidi wa mwisho ni mahali anapochagua kusimama. Albamu yake ya 2023 iliyorekodiwa jukwaani moja kwa moja aliifanya na Iceland Symphony Orchestra. Agosti 2024 aliimba Hollywood Bowl, uwanja wa wazi wenye viti zaidi ya elfu kumi na saba, akiwa na orkestra ya Los Angeles Philharmonic. Fikiria kinachotokea kwenye jukwaa la namna hiyo. Nyuma yake wapo watu kadhaa wa kadhaa, kila mmoja na karatasi yake, na hatua zimehesabiwa. Mwimbaji akipata wazo zuri katikati ya wimbo na kutaka hatua kumi na sita za ziada, hawezi kuzipata. Fidla zote zitaingia pale zilipoandikiwa. Kwenye kilabu, akiwa na piano, besi na drams, angegeuza kichwa tu na wote wangemfuata. Mwanamuziki anayetaka bendi huenda kwenye chumba kinachomruhusu kubadili mawazo. Anayetaka wimbo huutafutia fremu kubwa iliyo bora, na Laufey, mtoto wa mpiga fidla, aliipata fremu aliyokulia.

Agosti 2025 alitoa albamu ya tatu, A Matter of Time, safari hii akifanya kazi na mtayarishaji wake wa siku zote Spencer Stewart pamoja na Aaron Dessner, mtu wa bendi ya roki The National. Miongoni mwa nyimbo zilizoitangulia ni Lover Girl. Niliufungua nikiwa nimetega sikio kwa toazi. Likaanza gitaa, vipande vya pigo sawa kwa sawa, mdundo uleule wa Rio.